Mhuri wa Kuazima

Siku niliyoikata ile nondo kwa msumeno wa chuma naikumbuka kuliko siku niliyooa. Ilikuwa saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu Bhoke, kijijini Nyarero, jua likiwa bado la upole. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nyumba ile ilikuwa ya kwanza kuitandazia nyaya za umeme peke yangu, bila mtu wa kunielekeza. Niliikata nondo kwa sababu moja tu: ilikuwa imesimama vibaya.

Mwanangu, niwie radhi nikikuita hivyo. Sina mvi hata moja, na najua baadhi yenu mtakaosoma haya mmenizidi ndevu. Lakini kwetu Tarime aliyepita jandoni rika moja kabla yako ni mkubwa wako, hata kama mmepishana msimu mmoja wa mahindi. Ana haki ya kukuonya, na ana wajibu wa kukugawia nyama. Kwenye kazi hii ya kutengeneza nyumba za watu mimi nimepita kabla yako, na kovu ninalo. Basi pokea. Nyama yenyewe ndiyo hii.

Ngoja nikueleze ile nondo ilikuwa ya nini, maana wakati ule mwenyewe sikujua, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kwenye nyumba ya umeme kuna waya mmoja wa kijani na njano ambao hauwashi taa wala hauchaji simu. Unatoka kwenye soketi zote, unashuka nje ya ukuta, unafungwa kwenye nondo iliyopakwa shaba, na nondo hiyo inapigiliwa ardhini yote. Mafundi tunaiita ethi. Umeme ukivuja ukakamata chuma cha friji au cha pasi, unakimbilia kwenye waya huo na kuzama ardhini kabla haujampitia mtu. Kazi yake ni hiyo tu. Nyumba inaweza kukaa miaka kumi ethi isiwe na kazi, na siku ya kazi ikawa moja.

Mimi niliipigilia nondo ile ikashuka kama urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ikagonga mwamba. Nikapiga tena, ikapinda. Ikabaki imechomoza nje, imeinama upande kama jino bovu. Na ukuta wangu, mwanangu, ulikuwa umenyooka! Nyaya nilizipanga kwa rula na pima maji. Kila skrubu niliigeuza mfereji wake usimame wima, zote, hata zile za nyuma ya kabati ambazo hakuna mtu angeziona. Ndivyo nilivyo. Nilipokuwa shule nilikuwa nachana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Sasa jino lile lilinikera. Nikachukua msumeno, nikakata kilichozidi, nikafukia mchanga juu, nikasogea nyuma kutazama. Pakawa pazuri. Nikapiga picha kwa simu.

Nilijifunza umeme kwa kutazama. Nilitazama mafundi wakifunga taa kwenye maduka, nilitazama video kwenye simu, nilifungua redio mbovu za jirani nikatazama ndani. Hakuna ubaya kwa hilo, wengi wetu huku tumeanza hivyo. Mtu anaanza na kitasa, anaendelea na bawaba ya mlango, anaziba bati linalovuja, anabadilisha bomba la sinki, kisha mama mmoja anamwambia, "Fundi, na hii soketi je?" Na fundi, kwa sababu ameitwa fundi, hawezi kusema hapana. Kizingiti kati ya bawaba na soketi hakina kibao. Unakivuka huku unapiga mluzi.

Ila serikali imekiwekea sheria. Kazi ya umeme ndani ya nyumba inafanywa na mwenye leseni, au na anayesimamiwa na mwenye leseni. Na kabla nyumba haijawashwa, mchoro wa nyaya zake unatakiwa upigwe mhuri na mwenye leseni hiyo, kuthibitisha kwamba kazi iko sawa. Mimi leseni sikuwa nayo. Kwa hiyo nilihitaji mhuri wa mtu.

Pale sokoni Nyarero palikuwa na Mzee Mahemba. Ni mtu wa Serengeti, Mwikoma, aliyekuwa fundi umeme wa serikali kwa miaka mingi, na alipostaafu akabaki huku kwa wakwe zake. Ana kibanda chake cha kutengeneza mota za mashine za kusaga. Nilimpelekea mchoro wangu, niliouchora mara tano hadi mistari yote ikalingana. Aliushika mbali kidogo na macho, akausifu.

"Mchoro mzuri. Nyumba iko wapi?"

"Si mbali, mzee. Ni kwa shangazi."

"Kesho asubuhi nitakuja kuiona. Nikiiona, mhuri huu hapa."

"Mzee, si lazima ujisumbue. Kila kitu kiko kwenye karatasi."

Akacheka, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, unataka nimtolee ng'ombe binti ambaye sijamwona? Hata sisi Waikoma hatufanyi hivyo."

Nikamwambia sawa, kesho. Kesho yake sikwenda kumchukua.

Nataka ujue kwa nini, maana ndiyo sababu ya kuandika haya, na nimeifuta aya hii mara kadhaa kabla ya kuiacha. Haikuwa uvivu wala haraka. Niliogopa. Niliogopa kuona kidole cha yule mzee kikipita kwenye ukuta wangu kisha kikasimama mahali. Wakati ule niliogopa kukosolewa kuliko nilivyoogopa kuua mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeuficha uchi wangu kwa rula na pima maji.

Basi nikapanda pikipiki hadi mjini. Huko kuna bwana mmoja aliyekuwa na leseni na mhuri, na hakuwa na tabia ya kuuliza nyumba iko wapi. Alikuwa anakula chapati. Aligonga mhuri kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na mafuta, akanirudishia karatasi bila kusoma jina la mwenye nyumba. Nilirudi Nyarero nikiimba. Wiki chache baadaye watu wa umeme walikuja, wakaamini mhuri, wakafunga mita, wakawasha. Shangazi akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Shangazi Bhoke ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mumewe alishatangulia. Alichokuwa nacho ni ile nyumba kando ya njia ya sokoni, na mara umeme ulipofika akanunua friji la mtumba akaanza kuuza soda na maziwa baridi. Wateja waliniona nikipita wakaniita, "Fundi wa mji huu!" Nikapata nyumba nyingine, na nyingine. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa nimefanya nyumba sita, na michoro yote sita ilipigwa mhuri na yule bwana wa chapati.

Mvua zile zilipoanza, nilisikia shangazi ameanguka. Nilikwenda na kilo ya sukari. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umening'inizwa kwa kitenge.

"Pole, shangazi. Imekuwaje?"

"Utelezi tu, mura. Ndoo ya maziwa ilinizidi nguvu. Maziwa yote yakaenda kwa kuku."

Nikamwambia ajihadhari na sakafu ikilowa. Nikanywa chai yake, aliyoikoroga kwa mkono wa kushoto, nikaenda zangu.

Siku ya soko iliyofuata nikiwa juu ya paa la mtu nikapewa ujumbe: Mzee Mahemba yuko kwa shangazi yako, anasema uje mnywe soda. Nikashuka, nikaenda.

Alikuwa kwenye benchi mbele ya nyumba, ametoka kutengeneza mota ya mashine ya kusaga ya jirani, unga umemjaa kwenye nyusi. Chupa ya soda ilikuwa mkononi, haijafunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Shangazi yako amenipa soda ya moto."

"Ya moto? Kwani friji limeharibika?"

"Halijaharibika," shangazi akadakia kutoka mlangoni. "Linagandisha mno mpaka linauma vidole. Nikasema nisimuumize mzee meno yake, yenyewe yamebaki machache."

"Yamebaki ya kutosha nyama," Mzee Mahemba akasema. "Mama, mimi kwetu nimeona simba, nimeona fisi, nimeona nyuki wamemfukuza tembo. Friji linalouma vidole sijaliona. Hebu nionyeshe."

Shangazi akanitazama. Nilidhani anaona aibu kwa sababu chumba hakijafagiliwa.

Mbele ya friji palikuwa na ubao mkavu, umewekwa kama zulia. Kando yake ukutani zilining'inia katambuga, zile ndala za tairi la gari. Na kwenye mpini wa mlango wa friji palifungwa kamba, na kwenye kamba mwiko wa kusongea ugali. Shangazi alikuwa akivaa katambuga, anapanda juu ya ubao, anavuta mlango kwa mwiko. Wateja walikatazwa kabisa kugusa. Walikuwa wanasema mama Bhoke bahili, anaogopa kuibiwa soda. Nilikuwa nimepita mbele ya chumba kile mara nyingi sana nikitazama jambo moja: kama nyaya zangu bado zimenyooka.

Mzee alitoa tesita, bisibisi yake ya kupimia umeme, akagusisha ncha kwenye mlango wa friji. Kitaa kidogo ndani ya mpini wa bisibisi kikawaka chekundu. Akaenda kwenye swichi kubwa, akazima nyumba nzima.

"Mzee, unanizimia biashara!" shangazi akalalamika.

"Nakuzimia jeneza, mama. Tulia kidogo."

Akaufuata ule waya wa kijani na njano kwa macho, ukutani, nje, hadi chini. Akasukuma mchanga kwa kiatu. Akainama, akaishika nondo yangu kwa mkono mmoja, akavuta. Ikatoka kama muhogo wa mwaka wa njaa. Akaigeuza, akaona ilivyokatwa juu. Akaangaza huku na huku hadi kwenye mafiga ya shangazi, na pale kwenye majivu akaokota chuma kirefu kilichopinda.

"Mama, hiki cha kuchochea moto umekipata wapi?"

"Kilibaki siku ile fundi anamaliza kazi. Kizuri, hakiungui."

Akavikutanisha vile vipande viwili. Pale msumeno ulipopita havikuacha nafasi hata ya unywele. Nilikuwa nimekata vizuri sana.

Shangazi alivitazama. "Kwa hiyo," akasema, "nimekuwa nikichochea moto kwa kitu cha kuniokoa?"

Mzee hakucheka. "Na huo mkono, mama?"

"Niliteleza."

"Ulipoteleza ulikuwa umeshika nini?"

Kuku walikuwa wanaparua pembeni. Shangazi akapangusa uso kwa upindo wa kitenge. "Friji," akasema. "Sakafu ilikuwa mbichi, nilikuwa peku, nimesahau ubao. Lilinishika, mzee. Lilinishika nikawa naona mkono wangu lakini si wangu. Ndoo ndiyo iliyonivuta chini nikaachia."

Nikapiga magoti pale kwenye mchanga. Nilichosema sikikumbuki vizuri. Najua nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote ile, kwa nini alininywesha chai na mkono ule.

"Ungeacha kazi," alinijibu. "Nakujua mimi. Darasa la tano ulipata themanini ukalala siku mbili bila kula, kisa si mia. Nikasema mtoto huyu ameanza kuitwa fundi, ameanza kutembea kichwa juu. Friji nitaliweza mwenyewe. Kwani mwiko si ninao?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kudondoka kutoka juu ya paa. Hakuna kilichoniingia kama mwiko ule. Mtu aliyenipenda aliliweka jina langu juu, akaweka mwili wake chini yake kulishikilia.

Mzee Mahemba akaomba mchoro. Shangazi alikuwa ameuhifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Mzee akausoma mhuri taratibu.

"Huyu bwana amewahi kula ugali kwenye nyumba hii?"

"Hapana, mzee."

"Anajua mlango wake umeelekea wapi?"

"Hapana."

"Basi ameapa juu ya nyumba ya kuota." Akakaa chini, juu ya tofali, akaniamuru nami nikae. "Sikiliza, mura. Mikono yako ni mizuri, kuliko yangu nilipokuwa kijana, na nakwambia hivyo ili usiniambie baadaye kwamba nilikudharau. Lakini ulijifunza kwa kutazama, na ethi haitazamwi. Kinachomwokoa mtu ndani ya nyumba ni kile ambacho hakuna mgeni atakayekisifia. Ndiyo maana ikawekwa sheria mwingine aje aone. Unadhani mhuri ni wino? Mhuri ni mtu anayesema: niliingia, nilikagua, likitokea jambo njooni mgonge kwangu. Shangazi yako angekufa juzi, tungegonga kwa nani? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na wewe ulikuwa unajisitiri na nini, kama si na mgongo wa mama huyu?"

Kisha akasimama, akajipangusa suruali, na sauti yake ikawa ya kawaida. "Twende tutafute udongo. Mwamba ukikataa hapa, huombi msumeno, unaomba kwingine."

Tulipata udongo mzuri nyuma ya bafu, kwenye migomba, mahali ambapo maji hayakauki hata kiangazi. Nondo mpya mbili zikazama hadi mwisho kwa nyundo. Waya ilibidi uzunguke nusu ya nyumba, ukapita juu ya dirisha, ukapinda mara tatu. Ulikuwa mbaya kuutazama. Nikashika pima maji, mzee akaninyang'anya akaiweka mfukoni. Nyuma ya friji tukakuta waya uliochunika, ndio uliokuwa unavujisha, tukaubadilisha. Tesita ilipogusa mlango safari hii, kitaa hakikuwaka. Shangazi hata hivyo alifungua kwa mwiko.

"Nitazoea," akasema. "Mtu akishang'atwa na nyoka, hata kamba anaipisha njia."

Nilidhani yameisha. Mzee Mahemba akauliza, "Na zile tano?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hakuna anayekwambia inavyochosha kwenda kubisha mlango wa mtu ili umwonyeshe ufa ambao hajauona. Nilikwenda nyumba zote tano, mzee akiwa nami, kwa pikipiki ya mpwa wake. Masharti yake yalikuwa kwamba niseme mimi, yeye anyamaze.

Kerende kulikuwa na mwenye nyumba mmoja aliyepangisha vyumba kwa vijana wa migodini, watu wa Geita, Shinyanga, kila mahali. Nilipomaliza kueleza, akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe si ndiye uliyekuwa unanyoosha waya kwa rula? Kumbe ulikuwa unanitengenezea jeneza lililonyooka!" Wapangaji wakaangua kicheko, na hadi leo nikipita kule wananiita Fundi Rula. Alinifukuza nisiiguse nyumba yake, akampa mzee aitengeneze. Nilisimama nje ya uzio nikimpitishia mzee vifaa kwa juu.

Nyambureti, upande wa Serengeti, ilikuwa nyumba ya muuguzi wa zahanati, mama wa kutoka Iringa aliyehamishiwa huku. Yeye alinisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akaingia ndani akatoka na karatasi iliyotiwa kwenye fremu.

"Unaiona hii, kaka? Ni leseni yangu. Nimechoma sindano miaka mingi sana, na hii ikiisha muda wake siruhusiwi kumgusa mtu hata kama najua mshipa uko wapi. Mwanzoni nilikuwa nachukia. Nikawa naona wananidharau." Akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Siku moja nilikosea dawa. Mgonjwa alipona, Mungu ni mwema. Lakini kwa sababu nilikuwa na leseni, palikuwa na daftari la kuandika kosa, na mkubwa wa kunifundisha upya. Asiye na leseni akikosea anakwenda wapi? Anakimbia tu. Usikimbie, kaka. Karibuni uji, kisha mtengeneze."

Nilikuwa nimeiona leseni kama ukuta wa kunizuia. Yule mama ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba ni mahali pa kupeleka kosa.

Ethi tatu kati ya zile tano zilikuwa mbovu. Sikuzikata, lakini sikuzipima. Sikujua kwamba zinapimwa.

Baada ya hapo nilifanya kazi chini ya Mzee Mahemba zaidi ya mwaka. Nyumba nilizofunga mimi aliziona yeye, zote, kabla ya mhuri. Kidole chake kilipita kwenye ukuta na kilisimama, tena mara nyingi, na kila kiliposimama niliogopa upya. Sikufa. Nakuambia hilo kwa sababu najua wako wanaosoma haya wenye woga kama wangu. Kidole kinasimama, unarekebisha, kinaendelea.

Kisha nikajifunza jambo ambalo laiti mtu angeniambia mapema. Chuo cha ufundi kina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza mtaani. Unapeleka ujuzi wako ulivyo, wanakutazama ukifanya kazi, wanakuuliza maswali, wanakuonyesha mapengo, unayafanyia kazi, unapewa cheti. Siku ya kupimwa niliogopa hadi nikaangusha plaizi mguuni kwa mwalimu. Swali la kwanza: "Ethi ina kazi gani?" Nilimweleza habari za mwiko. Alisahau kuandika maksi, ikabidi nimkumbushe.

Kwa cheti kile, na kwa barua ya Mzee Mahemba, nikaomba leseni ya umeme. Niliipata ya daraja la chini. Inaniruhusu nyumba ndogo za kawaida. Umeme mkubwa wa fezi tatu, wa mashine za kusaga na wa vyuma vya migodini, siruhusiwi. Mwezi wa kwanza tu alikuja mwenye mashine ya kusaga, mtu mwenye heshima zake, akaniomba nimfungie mota. Nilijua kuifunga, nilishamwona mzee akifunga mara nyingi. Nikamwambia, "Baba, daraja langu halifiki hapo. Nitakupeleka kwa anayefika." Nilidhani atanicheka. Akasema, "Basi njoo unifanyie ya nyumbani. Anayejua mwisho wake naweza kumwachia funguo."

Mwanangu, sasa nikuambie moja kwa moja, usije ukasema nilizunguka.

Kazi ya mikono yako ianzie popote, hata kwa video ya simu. Kitasa tengeneza, bawaba kaza, bati ziba. Ukifungua kibanda cha kupokea wateja, nenda halmashauri uulize leseni ya biashara. Uliza mwenyewe, usiulize kijiweni, maana taratibu hubadilika na kijiwe hakibadiliki. Ila ukifika kwenye kazi ambayo kosa lake haliwezi kurudishwa, kama umeme, kama gesi, kama nguzo inayobeba paa, simama. Uliza nani ana ruhusa, na ufanye chini yake hadi uipate yako. Kitasa kikikataa mtu atapita dirishani. Ethi ikikataa, hakuna dirisha.

Mhuri usiazime, na ukishapata wako usiuazimishe, hata kwa ndugu, hata kwa anayelia. Nyumba usiyoiona usiiapie. Anayeomba mhuri bila kukuonyesha nyumba, mara nyingi si mwizi. Ni mwoga kama nilivyokuwa mimi. Usimfukuze. Mwambie, "Kesho asubuhi nitakuja kuiona," na asipokuja kukuchukua, mfuate. Mzee Mahemba aliniambia baadaye kwamba jambo analolijutia ni hilo tu, kwamba hakunifuata.

Na wewe unayependa kazi iliyonyooka, usiache kuipenda. Ila anza kunyoosha kule kusikoonekana, kisha ndipo uje kwenye skrubu. Na ukiona mtu wa nyumbani kwako anafungua mlango kwa mwiko, usipite. Muulize.

Mungu akupe mikono mizuri, na akupe mtu wa kuikagua. Akupe moyo wa kusema "hii siiwezi" mbele za watu. Nyumba utakazozifunga zikae na watu wazima ndani yake, watoto wakimbie humo peku, na jina lako litajwe pale bila mtu kuficha mkono.

Mzee Mahemba sasa haoni vizuri, na michoro yake anaisoma kwa kunisikiliza mimi. Nondo ile iliyokatwa ninayo, vipande vyote viwili, juu ya meza ninapoandikia. Nyumba yoyote isiyopimwa ethi siiwashi. Shangazi Bhoke ana friji lilelile, na mwiko umerudi jikoni kwenye ugali. Siku hizi anafungua kwa mkono wa kulia, akiwa peku.